Gati la Dar es Salaam na Ghala la Kijijini

Mazungumzo kwa wajumbe wa vyama vya msingi vya Mbeya na Iringa

Katika mji wa Makambako, pale barabara kuu iendayo Zambia inapokutana na reli ya TAZARA na njia ya Njombe na Songea, huonekana kila mwaka jambo ambalo wengi hulipita bila kulitafakari. Malori ya mbolea hupanda kutoka pwani, na malori ya kahawa, chai na tumbaku huteremka kwenda pwani. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo, ipandayo na ishukayo, ina mlango mmoja tu, nao ni bandari ya Dar es Salaam. Mkulima wa Mbozi, wa Rungwe, wa Mufindi au wa Chunya, ambaye huenda hajapata kuiona bahari maishani mwake, analima kila siku akiwa na bandari shambani.

Kwa sababu hiyo haifai mwanaushirika wa Nyanda za Juu Kusini adhani kwamba mipango ya Serikali juu ya bandari, na fedha zinazotengwa kwa kazi hiyo, ni habari ya watu wa pwani na ya wakubwa wa Wizara. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza mambo matatu: jinsi bandari inavyoingia katika bei ya mkulima, mahali zinapotoka fedha za kuijenga, na wajibu wa chama cha msingi katika shughuli hiyo.

BANDARI KATIKA DAFTARI LA CHAMA

Mwanachama anapofika ghalani kuuliza bei ya mazao yake, mhasibu humwonyesha bei ya mnada pamoja na makato: ushuru wa chama, ushuru wa halmashauri, gharama za usafiri, za kukoboa, na nyinginezo. Hakuna mstari ulioandikwa "bandari". Hata hivyo bandari imo. Mnunuzi mnadani hupiga kwanza hesabu ya gharama zote mpaka mzigo uingie melini, ndipo atamke bei yake. Kila shilingi inayopotea kati ya ghala na meli imekwisha kuondolewa katika bei ya mkulima kabla yeye hajaiona. Chama chenye tani 40 za kahawa, ikiwa bei itashuka kwa shilingi 50 tu kila kilo kwa sababu hiyo, kimepoteza shilingi milioni mbili, na hakuna mwizi wa kumpeleka polisi.

Upande wa mbolea hesabu ni ile ile, ila sasa mkulima ndiye mnunuzi. Na uchukuliwe mfano. Meli imebeba tani 25,000 za mbolea, imefika nje ya bandari na kukuta magati yamejaa, ikangoja siku kumi. Ikiwa gharama ya kungoja ni dola 20,000 kwa siku, siku kumi ni dola 200,000. Zikigawanywa kwa tani 25,000, kila tani imeongezeka dola 8. Na kwa kuwa tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50, kila mfuko umeongezeka senti 40 za dola. Dola moja ikihesabiwa kuwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 1,000 kwa mfuko. Chama kilichoagiza mifuko 3,000 kitakuwa kimelipa shilingi milioni tatu kwa ajili ya meli kutia nanga bila kazi. Fedha hizo hazikununua hata punje moja ya mbolea.

Tena mvua haingoji meli. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza aghalabu mwezi wa Novemba au Desemba. Mbolea ya kupandia inayofika Januari huwa imemkuta mkulima amekwisha kupanda bila mbolea, au amekopa kwa mlanguzi.

Wako watakaosema kwamba ruzuku imemaliza tatizo hilo. Ni kweli kwamba tarehe 8 Agosti, 2022, katika sikukuu ya Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea iliyotengewa shilingi bilioni 150, na wakulima wengi walipata nafuu. Lakini ruzuku haifuti gharama ya bandari. Huihamisha tu kutoka mfukoni mwa mkulima kwenda Hazina, na fedha za Hazina ni za mkulima huyo huyo na watoto wake.

FEDHA ZA BANDARI HUTOKA WAPI?

Chama cha msingi kinapotaka kujenga ghala, kina njia chache tu za kupata fedha. Chaweza kutumia akiba yake. Chaweza kukopa, mradi kisivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mkutano mkuu na Mrajis. Chaweza kupewa msaada. Au chaweza kupatana na mtu mwenye fedha zake, ajenge, atumie kwa muda na kulipa kodi. Dola nayo hainazo njia nyingi kuliko hizo. Bandari hujengwa kwa kodi ya wananchi kupitia bajeti, au kwa mapato ya bandari yenyewe, au kwa mikopo na misaada, au kwa fedha za mwekezaji. Kila mfuko una mwenyewe, na kila mwenyewe ana masharti yake.

Historia ya nchi hii inaonyesha mifuko yote hiyo. Magati matatu ya kwanza ya kina kirefu katika bandari ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1956, wakati wa ukoloni. Baada ya Uhuru bandari iliendeshwa kwa ubia wa nchi tatu za Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ililazimika kuunda mamlaka yake yenyewe ya bandari, katika miaka ile ile ambapo vyama vikuu vya ushirika, vilivyofutwa mwaka 1976, havikuwapo kumsemea mkulima. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Mwaka 2005 ikaanzishwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, ambayo husimamia bandari za bahari na za maziwa pia.

Mwaka 2017 ilianza kazi kubwa ya kuimarisha bandari ya Dar es Salaam. Mradi ulikadiriwa kugharimu dola milioni 421, na kati ya hizo dola milioni 345 zilikuwa mkopo kutoka Benki ya Dunia. Magati namba 1 hadi 7 yaliimarishwa na kuongezwa kina ili kupokea meli kubwa zaidi, na likajengwa gati jipya la meli za magari. Kazi hiyo inaonekana kwa macho. Lakini mwanaushirika aliyezoea kukagua vitabu atauliza swali moja zaidi: mkopo wa dola hulipwa kwa nini? Hulipwa kwa dola. Nazo dola huletwa nchini na vitu vinavyouzwa nje, ikiwa ni pamoja na kahawa ya Mbozi, chai ya Mufindi na tumbaku ya Chunya. Mkulima ni mdhamini wa mkopo huo, ingawa hakutia sahihi. Maadamu ni mdhamini, ana haki ya kujua kazi ilivyokwenda.

FUNDISHO LA MTWARA

Kukopa kwa ajili ya bandari si kosa, na kutokopa si hekima peke yake. Kosa ni kujenga bila kujua mzigo utatoka wapi. Fundisho lililo wazi kuliko yote liko Mtwara.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikaamuliwa kujenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuiunganisha na mashamba. Ardhi haikupimwa vya kutosha, mvua haikuchunguzwa vya kutosha, na wenyeji walioijua nchi yao hawakusikilizwa. Mradi ukaachwa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni zipatazo milioni 36. Bandari ilifunguliwa mwaka 1954, wakati karanga zilizokusudiwa hazipo tena. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Gati la Mtwara lilikuwa zuri, na kina chake kilikuwa kizuri. Lililokosekana ni mzigo. Miaka mingi ilipita kabla bandari hiyo haijapanuliwa kwa gati jipya la mita 300 na kupata shehena za korosho na za makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Basi mpango wa bandari yapasa uanzie shambani na barabarani, ndipo ufike majini.

Bagamoyo ni fundisho la namna nyingine. Mkataba wa awali wa kujenga bandari kubwa pale ulitiwa sahihi mwaka 2013, na jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015. Mwaka 2019 Rais John Magufuli aliusimamisha mradi akisema masharti ya mwekezaji hayakubaliki. Hapo kilichokwamisha kazi ni masharti ya mwenye fedha. Chama kinachosoma mkataba wa mkopo baada ya kutia sahihi kingefaa kulikumbuka jambo hilo.

RELI NA GATI NI KITU KIMOJA

Watu wa Iringa na Mbeya wanayo sababu ya pekee ya kuelewa kwamba gati peke yake halitoshi. Baada ya walowezi wa Rodesia ya Kusini kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba, 1965, Zambia ilihitaji njia ya baharini isiyopita kwa wabaguzi. Wakopeshaji wa Magharibi walisema reli ya Dar es Salaam haitakuwa na faida. China ikakubali mwaka 1967 kutoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa tarehe 14 Julai, 1976. Sehemu ya Mlimba hadi Makambako, yenye madaraja na mahandaki mengi, ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Wazee watakumbuka pia kwamba gharama za ndani za ujenzi, kama vile mishahara ya vibarua, zililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China madukani. Aliyenunua baiskeli au kitambaa cha China katika duka la Mafinga miaka ile alikuwa akitia mkono wake katika ujenzi wa reli bila ya kuambiwa.

Reli hiyo ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikupata kufikia kiwango hicho, na katika mwaka wa 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu. Tani nyingine zote zilikwenda barabarani. Matokeo yake yanajulikana kwa kila mtu aliyepata kukwama katika mteremko wa Kitonga, au kuona mlolongo wa malori Tunduma. Barabara iliyojengwa kwa kodi huharibiwa na mzigo ambao ungepita relini, kisha hutengenezwa tena kwa kodi. Gati lililoongezwa kina huteremsha mzigo upesi zaidi. Lakini ikiwa nyuma ya gati hakuna mabehewa wala vichwa vya treni, msongamano umehama tu kutoka majini kwenda nchi kavu.

Mwezi wa Septemba, 2025, Tanzania na Zambia zilitiliana sahihi na kampuni ya China mkataba wa kuifufua TAZARA kwa dola zipatazo bilioni 1.4, ambapo kampuni hiyo itaiendesha reli kwa muda wa miaka kabla ya kuirudisha. Hilo ni jambo la kutazamwa kwa makini kuanzia Mlimba hadi Tunduma. Swali kwa vyama vya ushirika ni hili: reli itakapokuwa na mabehewa ya kutosha, je, mazao ya wakulima wadogo yatapata nafasi, au yatapitwa na shaba ya Zambia kama mtu aliyesimama kituoni bila tiketi?

KUKODISHA NA KUULIZA

Njia ya kumpa mwekezaji sehemu ya bandari si mpya. Kitengo cha makasha, yaani kontena, kilikodishwa kwa kampuni binafsi mwaka 2000, na kampuni hiyo ikaendelea hadi Desemba, 2022. Mwaka 2023 mjadala ulikuwa mkubwa zaidi. Tarehe 10 Juni mwaka huo Bunge liliridhia makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari. Wananchi wakagawanyika. Wako walioona kuwa ni njia ya kuleta mitambo na fedha, na wako walioona kuwa muda na mipaka ya makubaliano haikuwekwa wazi.

Kesi ya kupinga makubaliano hayo haikufunguliwa pwani. Ilifunguliwa katika Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya. Tarehe 10 Agosti, 2023, majaji watatu waliitupilia mbali, na tarehe 22 Oktoba mikataba ya utekelezaji ikatiwa sahihi Dodoma, ikiipa kampuni ya DP World ya Dubai uendeshaji wa magati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30, na utendaji wake kupimwa kila baada ya miaka mitano.

Si kazi ya mazungumzo haya kurudia shauri lililokwisha kuamuliwa. Lakini mambo mawili yafaa yasisahauliwe. La kwanza, watu wa nyanda za juu walionyesha kwamba wanaijua bandari kuwa ni yao pia. La pili, kipimo cha kila miaka mitano kina maana tu ikiwa wako watu walioweka kumbukumbu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kisichoandika siku mbolea ilipoagizwa, siku ilipofika, na gharama ya kuisafirisha kila mfuko, kitakuwa na manung'uniko tu siku ya kupima. Chama kilichoandika kitakuwa na ushahidi.

BANDARI ILIYO KARIBU ZAIDI

Kadhalika mkoa wa Mbeya unazo bandari zake wenyewe, Itungi na Kiwira, wilayani Kyela katika Ziwa Nyasa. Serikali iligharimia meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000, ili kusafirisha shehena ziwani na kuihudumia Malawi, ambayo tangu miaka ya 1980 imekuwa na kituo chake cha mizigo Mbeya.

Adui mkubwa wa bandari ya Itungi ni mchanga. Mito inayoshuka kutoka milima ya Rungwe huleta udongo na kuumwaga ziwani, na kina hupungua. Fedha za kuchimba kina hutafutwa kwenye bajeti, huku mkulima aliyelima mteremko bila makinga maji akiusukuma udongo wake kuelekea huko huko. Hapo mwanaushirika hawezi kusema kuwa bandari i mbali naye. Udongo uliolijaza lango ulikuwa shamba la mtu.

WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Kwa hayo yote, yako mambo ambayo chama cha msingi chaweza kuyatenda bila kungoja amri kutoka juu.

Kwanza, kukusanya mahitaji ya mbolea mapema. Mbolea nyingi huagizwa kutoka nje, na safari ya meli huchukua wiki nyingi. Chama kinachopeleka mahitaji yake Oktoba kinaagiza mbolea ya msimu ujao.

Pili, kufuata kalenda ya Serikali. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Hoja juu ya reli, barabara na bandari ikifikishwa kwa mbunge mwezi wa Januari huweza kusemwa Bungeni. Ikifikishwa Julai, husubiri mwaka mzima.

Tatu, kuunganisha mizigo. Behewa halitumwi kwa ajili ya magunia thelathini. Vyama kumi vikikusanya kahawa mahali pamoja chini ya chama kikuu, vinaweza kupatana bei ya usafiri ambayo chama kimoja hakiwezi hata kuiuliza.

Nne, kuandika. Kila chama kiwe na daftari la usafiri lililo mbali na daftari la makato mengine, lisomwe katika mkutano mkuu, na wanachama waulize. Mwenyekiti asione haya kuulizwa, wala mwanachama asione haya kuuliza.

Tano, kulinda ubora. Mzigo uliochafuliwa au kulowana njiani ukikataliwa pwani, hulipa ghala siku nyingi na hurudi na aibu. Hapo lawama si ya gati wala ya reli.

Ndugu Wanaushirika, Serikali hupanga kwa miaka mitano na kukopa kwa miaka thelathini. Mkulima hupanga kwa msimu mmoja, na kwa hiyo ni rahisi mipango mirefu ipite juu ya kichwa chake. Ushirika uliundwa ili watu wa msimu mmoja wapate kumbukumbu ndefu. Wajumbe watakaporudi vijijini, yafaa waanze na jambo dogo: wafungue daftari la msimu uliopita, watafute tarehe mbolea ilipofika, na waisome tarehe hiyo mbele ya wanachama. Kama haikuandikwa, hapo ndipo pa kuanzia kazi.